Maji ya Sadaka

Magomeni, Mtwara
14 Januari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekuachia angalau usali ukiwa umesimama. Huku sote wazima. Barua hii anakuletea Mikaeli, na nimemwonya aiweke mkononi mwako mwenyewe. Tangu masikio yako yalipoziba kabisa, nawe ukakataa ujumbe wa simu kwa kuwa herufi zake ni ndogo kama chawa, Canter ya Mikaeli ndiyo posta yetu. Akileta mpunga sokoni ananipitia, akirudi Kitaya anakupitia.

Nyumba yako inaendelea. Bati la chumba cha tatu limetoboka, fundi ameahidi kuja na hajaja. Goodluck wa chumba cha pili, yule karani wa bandarini, anaoa baada ya Pasaka. Conceicao wa chumba cha sita anakusalimu sana na anaomba umsalimie mama yake. Vitumbua vyake havifiki saa nne, vinakwisha. Anna wake ameanza darasa la kwanza.

Sasa lililonifanya nikae kuandika. Kipindupindu kimeingia. Si kwetu bado, ni mtaa wa nyuma, watu watatu wamepelekwa kwenye kambi ya wagonjwa. Bwana afya wetu siku hizi ni binti, anaitwa Witness. Alikuja juzi akapima kwa hatua zake kutoka chooni hadi kisimani. Hatua kumi na mbili. Akasimama pale akaniangalia.

"Dada, miliki ni wewe?"

"Ni shangazi yangu. Mimi namsimamia."

"Basi mwambie shangazi yako mvua kubwa ikipiga, choo hiki na kisima hiki ni kitu kimoja."

Ukuta wa shimo la choo umepata ufa tangu mvua za Desemba, nimeuona kwa macho yangu. Witness anataka kisima kifungwe na choo kihamishwe. Kwa sasa amenipa dawa ya klorini nitie kila wiki. Maji ya bomba yanakuja siku mbili, siku tano hayapo, lakini naweza kununua tangi tuwe tunakinga.

Naomba ruhusa yako nikifunge.

Mwanao,
Shamimu


Kitaya
29 Januari 2024

Mwanangu Shamimu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mpunga wa bondeni umesimama vizuri, na viboko mwaka huu wametuonea huruma. Mama Americo alikuja Ijumaa na mihogo, akakaa nami hadi alasiri. Najua unashangaa tunaongeaje. Mimi nasema, yeye anaonyesha kwa mikono, tunacheka. Nimempa salamu za Conceicao. Aligusa kifua chake halafu akanigusa mimi, maana yake yule binti wake ni wangu. Ndivyo alivyonikabidhi siku ile walipovuka mto wa mpakani na mabegi mawili, na mimi nikamleta mjini kwenye nyumba yangu kwa sababu hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika "mmiliki" kwa herufi moja ya m pale juu. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, siwezi kuacha.

Habari ya kisima. Marehemu mume wangu Mzee Rajabu alikichimba kwa mikono yake mwaka tisini na nne, jirani wote walipokuwa wanafuata maji mbali na ndoo kichwani. Hakumtoza mtu hata senti. Aliniambia, "Rukia, sina mtoto wa kuniombea dua. Kila atakayekunywa hapa ataniombea." Hiyo ndiyo sadaka yake inayomfuata kaburini. Nikikifunga, nimemkatia. Huyo Witness ana miaka mingapi? Kisima kina thelathini na hakijaua mtu.

Tia hiyo dawa, mridhishe, yaishe. Fundi wa bati mfuate kwake asubuhi kabla hajatoka.

Nakuombea kila sala.

Shangazi yako,
Rukia


Magomeni, Mtwara
20 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Unga wa muhogo umefika, na korosho. Ahsante. Bati limezibwa.

Dawa natia kila Jumamosi. Wapangaji wanalalamika kwamba chai inanuka. Goodluck ameacha kabisa, ananunua maji ya madumu. Wa chumba cha nne wamehama. Conceicao peke yake hajasema neno. Anachota kwa vitumbua, anachota kwa kunywa, anasema maji ya nyumba ya Mama Rukia hawezi kuyasema vibaya.

Mtaa wa pili kutoka kwetu amekufa mtu. Witness amekuja tena. Ufa wa choo umefika chini, shangazi. Jana nilitia kijiti, kikazama chote. Mvua zenyewe za masika hazijaanza.

Najua uliniambia yaishe. Nakuomba tena. Mzee Rajabu angekuwa hai angekuelewa. Nina hofu.

Shamimu


Kitaya
28 Februari 2024

Shamimu,

Umeniandikia kwa haraka hata hukuuliza kama nimelala njaa au nimeshiba. Nipo.

Usiniambie Mzee Rajabu angeelewa nini. Ulikuwa na miaka kumi na tisa alipofariki. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Niliyoambiwa nimeambiwa mimi.

Baba yako alipokufa nilikuchukua ukiwa unatambaa, nikakulea kwa maji ya kisima hicho. Ulioga humo, ulipikiwa uji humo. Leo ni machafu? Nyumba ni yangu na kisima ni changu. Anayeona maji yangu yana ubaya, mlango hauna komeo, ahame. Na wewe ukitaka, hama nao.

Ramadhani inakaribia. Nisamehe kama nimekukwaza, lakini neno langu ni hilo.

Rukia


Magomeni, Mtwara
22 Machi 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Ukiwa umesimama, kaa kwanza.

Conceicao amefariki. Ni jana Alhamisi, saa tisa alasiri.

Jumatano saa nne alirudi kutoka kuuza, beseni bado lina vitumbua, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaniambia, "Dada Shamimu, tumbo linanikata." Nikampa chumba changu kwa kuwa kiko karibu na choo. Kufika adhuhuri hakuweza tena kutembea. Goodluck alikuwa nyumbani, tukambeba. Dereva wa bajaji wa kwanza alituona akaondoa chombo chake. Wa pili alitandika nailoni akasema pandeni.

Kambini Witness alitupokea. Walimtafuta mshipa mkono huu, mkono ule, mguuni. Macho yalikuwa yamezama, na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alinivuta karibu akasema, "Anna ana njaa. Hajala tangu asubuhi." Nikamwambia nitampa. Aliitikia. Hilo ndilo neno lake la mwisho ninalolijua, maana baada ya hapo walitutoa nje.

Hawakuturuhusu kumwosha. Walimfunga kwenye mfuko wakamzika wao wenyewe na mabuti yao. Katekista alisali akiwa amesimama mbali. Mimi na Goodluck na Anna tulikuwa nyuma ya kamba.

Anna naye aliharisha, lakini amewahiwa, anakunywa maji ya chumvi na sukari, anaendelea vizuri. Yuko kitandani kwangu. Simu ya mjomba wake Americo aliyeko Pemba ya ng'ambo ya mto haipatikani. Mama yake Conceicao hana simu. Hakuna mwingine wa kumfikia ila wewe. Mikaeli yuko mlangoni anasubiri niifunge barua hii, na anajua, lakini nimemwomba asifanye ishara yoyote mpaka usome.

Nakuomba uende. Mimi siwezi.

Shamimu


Kitaya
27 Machi 2024

Shamimu mwanangu,

Innalillahi. Nimefikisha.

Mama Americo alikuwa bondeni anafukuza ndege kwenye mpunga wake. Aliponiona nimeshuka hadi kule kwa magoti haya, alijua. Aliacha kopo likaanguka. Nikamwambia, "Dada yangu, Conceicao ametangulia." Alikaa majini, shangazi yako nikakaa naye. Mikaeli alikuwa pembeni. Akaniandikia kwenye kiganja kwamba Mama Americo ananiuliza ni ugonjwa gani. Nilikuwa nimeona midomo yake nikadhani anauliza lini. Halafu nilielewa. Nikasema tumbo. Nikasema ni kudra ya Mungu.

Anna abaki kwako mpaka mavuno yaishe, bibi yake hana mtu wa kumwachia shamba. Mpe uji wa mchele mwepesi, usimpe korosho kwanza.

Fundi wa bati alipwe. Chumba cha sita usikipangishe.

Kisima usiniandikie habari zake.

Rukia


Magomeni, Mtwara
16 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako. Anna amepona, amerudi shule. Akirudi anakaa kwenye ngazi ya chumba cha sita na begi lake mpaka nimwite.

Ulinikataza. Naandika hivyo hivyo, na ukimaliza unaweza kunikana.

Witness alichota maji ya kisima akayapeleka kupimwa. Yamekutwa na vimelea. Wamefunga mdomo wa kisima kwa zege, nami nilisaini kwa jina lako. Hilo ungelisikia kwa mtu yeyote. Hili lingine hakuna anayelijua.

Dawa niliacha kutia tarehe mbili Machi.

Ndiyo siku iliyofika barua yako. Nilisoma pale uliponiambia nihame nao. Chupa ya dawa ilikuwa mkononi, maana ilikuwa Jumamosi. Nikairudisha kabatini. Nilisema kwa sauti, peke yangu uwanjani, "Kama ni kisima cha sadaka, basi sadaka yake ikilinde." Nilikuwa na hasira, shangazi. Nilitaka kitu kidogo kitokee, mtu aumwe tumbo siku moja, ili nikuandikie kwamba nilikuambia. Jumamosi iliyofuata sikutia. Na ile nyingine. Tarehe kumi na sita mvua ikapiga usiku na mchana, shimo la choo likajaa hadi juu.

Kesho yake Conceicao alikuja na ndoo zake. Maji yalikuwa hayanuki dawa, akafurahi. Akaniuliza, "Dada, siku hizi salama?"

Nikamwambia, "Salama. Chota."

Mimi mwenyewe nilikuwa nachemsha ya kwangu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nimejiuliza kila siku. Labda ningesema si salama, ingebidi niseme pia ni kwa sababu yangu. Neno moja tu lilitakiwa na nililijua, Mungu ananiona.

Anna amenifundisha jana kuandika jina la mama yake kama wanavyoandika kwao, na kimkia chini ya herufi. Sikuweza kulimaliza.

Siombi unisamehe. Nataka ujue tu nani unamwachia nyumba.

Shamimu


Kitaya
29 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako imekaa chini ya mto wangu siku tisa. Mikaeli amepita mara tatu nikamwashiria bado.

Umeandika yako. Na mimi niandike yangu, maana nimezeeka na sitaki kwenda nayo.

Mzee Rajabu hakuniambia nisikifunge kisima. Yale ya dua aliyasema kweli, lakini aliyasema siku za ujana. Siku ile nilipomshika kichwa alisema mengine. Alisema, "Rukia, choo nilikikosea. Nilikichimba karibu. Kihamishie kule pembeni kwenye ua, kabla hakijaharibu maji." Alirudia mara mbili. Nikamwambia nitafanya.

Nilikuwa na nia. Mwaka ule sikuweza, wa pili bei ya korosho ilianguka. Mwaka wa tatu nikapata fedha, na fundi akaja, na mimi nikasimama kwenye ile pembe nikaona nafasi inatosha chumba. Nikajenga chumba cha sita. Nikajiambia choo kitapata mahali pengine. Wewe unaujua uwanja ule, hakuna mahali pengine. Ndani ya chumba hicho ndimo nilimomweka binti niliyekabidhiwa.

Kwa hiyo uliponiandikia kuhusu hatua kumi na mbili, sikuwa na hasira na wewe wala na yule binti wa afya. Nilisikia sauti ya marehemu, mimi nisiyesikia kitu. Ndiyo maana nilikufukuza.

Hasira uliyoirudisha kabatini pamoja na ile chupa nilikupa mimi. Lakini sitakuambia huna kosa. Unayo sehemu yako, ibebe. Nami nina yangu.

Juzi nilikwenda tena kwa Mama Americo, safari hii bila Mikaeli. Alikuwa uwanjani anapepeta. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote: choo, chumba, barua zako, maneno yangu. Jina lako sikulitaja kwenye habari ya dawa, hilo ni lako. Nilisema polepole ili nisikosee. Alipoelewa alisimama. Ungo ukamwagika. Alisema maneno mengi sana, Shamimu, kwa muda mrefu, na machozi, na mkono wake ulikuwa unakwenda hewani hivi na hivi. Sikupata hata moja. Kinywa kikilia hakisomeki. Mimi nilibaki pale pale naitikia kwa kichwa, kwa sababu lolote alilosema nilistahili. Baadaye sana aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji akanipa. Nikanywa. Nikarudi nyumbani.

Sijui kama nimesamehewa. Sijui kama nimelaaniwa. Mavuno yakiisha anakuja huko kumchukua Anna. Muulize alichosema, uniandikie kama kilivyo. Usinipambie, nitajua, nimesahihisha insha za watu maisha yangu yote.

Choo kihamishwe. Chumba cha sita kibomolewe, pembe ile iwe ilivyokusudiwa.

Shangazi yako,
Rukia


Magomeni, Mtwara
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baridi ya asubuhi imeanza, jifunike magoti. Mikaeli anakuletea na blanketi.

Mama Americo alifika Jumatatu. Nilimpeleka kwanza kaburini. Lina kibao cha namba tu, kwa hiyo Goodluck alikuwa ametengeneza msalaba na jina. Alikaa hapo akang'oa nyasi zote kwa mkono mpaka pakawa peupe, hakulia. Tuliporudi nyumbani nikamwambia habari ya dawa. Nilimwambia nimesimama, maana nilihofia nikikaa nitaanza kujitetea. Nikamwambia binti yako aliniuliza kama maji ni salama, nami nikamjibu salama.

 Halafu akaniuliza, "Aliyachota akiwa na furaha?"

Nikasema ndiyo.

Akaondoka akaenda kukaa na Anna. Hakula chakula changu siku zote tatu. Alipika mwenyewe kwenye jiko la Conceicao.

Siku ya mwisho nikamuuliza swali lako. Alinijibu kwa Kimakonde cha ng'ambo kilichochanganyika na Kiswahili, lakini nilihakikisha kila neno kabla ya kuandika. Haya ndiyo aliyosema:

"Nilimfukuza. Nilimwambia toka uwanjani kwangu, usikanyage tena, nisikuone mpaka nife. Nilimwambia nilikupa mtoto mzima ukanirudishia habari. Hakusikia. Akabaki amekaa, anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama ninamkaribisha. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, na yeye amekaa. Basi jua likapanda. Ni mzee, ametembea. Nikampa maji. Usimwandikie kwamba ni msamaha. Alikuwa na kiu."

Nikamuuliza, "Akija tena?"

Akasema, "Mwambie kwamba nilimfukuza. Akishajua, akija tena, nitajua amekuja akijua."

Sijapamba hata herufi.

Waliondoka Alhamisi. Anna alikaa mbele, katikati ya bibi yake na Mikaeli, na sufuria ya vitumbua ya mama yake mapajani. Nilimwambia akifika aniandikie. Akamwangalia bibi yake kwanza, na bibi yake akatazama barabara. 

Chumba cha sita kimekwisha kubomolewa. Mafundi wamechimba shimo refu la choo kipya, limejengewa kwa matofali hadi juu, na Witness amelikagua akasema vizuri. Aliniambia ningeweza kupangisha upya vyumba vyote kufikia Julai. Nimebaki na Goodluck na mke wake, na mama mmoja wa chumba cha kwanza.

Jana alikuja kijana mmoja, Elisha, fundi wa umeme, anatafuta chumba kwa ajili yake na mke wake mjamzito. Alikipenda cha tatu. Alikuwa tayari kuleta vitu jioni ile ile. Nikamwambia asubiri, nikamchukua hadi uani, nikamwonyesha zege la kisima na mahali palipokuwa na choo cha zamani. Nikamweleza nani alikufa kwa maji haya na kwa nini, kosa lako na langu, sikuruka kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Akanishukuru, akasema atakwenda kuzungumza na mke wake.

Leo nimekaa mlangoni tangu asubuhi. Hawajaja.

Shamimu